Ng'ombe wa Elfu Mbili Mbili

Muhidin mchinjaji alimzunguka ng'ombe mara moja, akamzunguka tena, halafu akauliza swali ambalo Modesta hakulitegemea.

"Mama Queen, huyu alimchagua nani?"

"Baba Queen mwenyewe," Modesta akajibu kwa fahari. "Msukuma hafundishwi ng'ombe."

Muhidin hakucheka. Alipiga goti, akaweka kiganja chini ya ubavu, akatulia kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo. Kisha akamwita Modesta aweke mkono wake palepale. Modesta akauweka. Kitu kikamsukuma kutoka ndani, kikatulia, kikamsukuma tena. Alikuwa amezaa mara mbili, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa na mtu.

"Mimi huyu simchinji," Muhidin alisema akikung'uta vumbi magotini. "Ni dhambi. Na hata nikimchinja, bwana afya hagongi muhuri. Utafute ng'ombe mwingine, mama, na keshokutwa asubuhi nitakuja na kisu changu."

Ilikuwa Jumatatu alasiri, na Krismasi ilikuwa Alhamisi. Modesta alibaki amesimama nyuma ya nyumba yake pale Mkolani, mkono ungali kwenye ubavu wa ng'ombe, akiona mwaka mzima ukimponyoka.

Ng'ombe yule hakuwa wake peke yake. Alikuwa wa kikundi cha Tusiaibike, wanawake kumi na mmoja wa mtaa mmoja ambao tangu Januari walikuwa wanatoa elfu mbili kila Jumapili ili Krismasi isiwakute wanahangaika. Wengi walitoa wakitoka kanisani. Sada, ambaye kanisani haendi, alipitisha yake juu ya ua na kusema nyama ya Krismasi haina dini, mradi achinje Muhidin. Kulikuwa na Jumapili za kutoa huku unacheka, na Jumapili za kutoa huku mtoto kavaa viatu vilivyochanika. Lakini walitoa. Septemba, nyasi zilipokauka na wafugaji wakashusha bei, walinunua mapema, kwa sababu Desemba hata ng'ombe aliyekonda huvaa bei ya bwana harusi.

Modesta alikuwa mwenyekiti. Yeye ni Mkerewe, mtoto wa kisiwani, anauza dagaa, na kuhusu ng'ombe alijua supu tu. Ndiyo maana alimpendekeza mumewe Malimi aende mnadani, na kikundi kikakubali bila ubishi. Malimi alirudi na ng'ombe jike mweusi mwenye baka jeupe, akasema jike ana nyama laini. Akamlisha yeye mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye karakana yake ya madirisha ya alumini, alikuwa ameshakata majani mzigo mzima. Ng'ombe akanenepa. Wanawake walikuwa wanakuja Jumapili baada ya kutoa elfu mbili zao, wanampapasa tumbo na kukadiria kilo, wanaondoka wameshiba kwa macho.

*

Jioni ile ile walikuja wote. Wengine walikaa kwenye mkeka, wengine kwenye ndoo zilizogeuzwa. Habari ilikuwa imeshafika kabla ya kuitwa kikao.

"Mimi nina watoto watano," Rose alisema, mikono kichwani. "Nimempapasa huyu kila Jumapili nikajua ni mafuta!"

Kicheko kikapita, lakini hakikukaa. Wilhelmina hakucheka kabisa. Alikuwa mama wa Kihaya, mnene wa heshima, mwenye duka la vipodozi, na tangu Februari alikuwa anasema fedha zikae, zikanunue kilo buchani.

"Nilisema mimi," alianza. "Nilisema tutauziwa mbuzi kwenye gunia, mkaniona nina nongwa. Sasa wageni wangu kutoka Bukoba wameshapanda basi. Nitawaambia nini? Labda mwenyekiti atatukaangia dagaa."

Neno dagaa lilimchoma Modesta mahali ambapo lilikusudiwa kuchoma. Alimwangalia mumewe. Malimi alikuwa ameegemea ukuta, anachezea kipande cha mpira wa dirisha.

"Jamani, ni bahati mbaya," Malimi alisema. "Ng'ombe hasemi. Angesema, tungejua."

"Wewe je, husemi? Si ndiye Msukuma?" Wilhelmina akamgeukia.

"Muacheni mume wangu," Modesta alisema. Sauti ilipanda kuliko alivyotaka. "Amekosea kama binadamu. Tangu Septemba anakata majani, hajawadai hata soda. Lawama nipeni mimi, mwenyekiti. Kesho tunampeleka Buhongwa, kuna wafugaji wameshusha ng'ombe wa sikukuu, tutabadilisha. Na kama ikishindikana, mtaji wangu wa dagaa utanunua nyama yenu, kila mtu fungu lake."

Mtaji wa dagaa wa Modesta kila mtu aliujua. Ndio uliolipa ada ya Queen na ndio uliompeleka mdogo wake Yeremia hospitali mwezi wa sita. Sada akasema taratibu, "Usifike huko, Mama Queen." Lakini Wilhelmina alitikisa kichwa kukubali, na wengine, wakiwa na wageni wao na vyungu vyao akilini, wakaangalia chini.

Malimi naye aliangalia chini. Modesta aliona, akafikiri ni aibu ya mtu aliyekosea bahati mbaya, akamwonea huruma.

*

Jumanne asubuhi walitoka na ng'ombe, Malimi mbele na kamba, Modesta nyuma na fimbo. Hakuna njia ya siri ya kumtembeza ng'ombe mjini. Kijana wa bodaboda akauliza kama Krismasi imehamishwa. Mama wa maandazi akataka kujua kama ndio wanamrudisha kliniki, maana habari za tumbo zilikuwa zimewatangulia. Malimi alikuwa mtu wa kujibu utani kwa utani, lakini leo alitembea kama kiziwi.

Buhongwa palikuwa pamechangamka. Malori yaliyovuka daraja la Busisi alfajiri yalikuwa yameshusha ng'ombe uwanjani, na wanunuzi walikuwa wanabonyeza mapaja na kutoa kasoro za uongo. Malimi alianza kupinda kuelekea kundi la mwisho kabisa, mbali na watu.

"Kwa nini tupite hawa wote?" Modesta akauliza.

"Kule bei nzuri."

Hawakufika kule. Mzee mmoja mrefu, amevaa makatambuga na koti la suti juu ya shuka, alinyanyua fimbo yake akaita kwa furaha, "Mwangaluka, Malimi! Umeniletea mwanangu nimsalimie?"

"Mwangaluka," Malimi akajibu, akiangalia kamba mkononi.

"Shikamoo, mzee," Modesta alisema.

"Marahaba, mayo, mama yetu. Mimi Shimba. Huyu nilimuuza mimi." Alimpita Modesta, akaenda kumpapasa ng'ombe tumboni. "Kumbe bado hajazaa! Basi karibu sasa. Umemlisha vizuri, kijana."

Modesta alihisi jua likimpiga kisogoni. "Mzee, ulijua ana mimba?"

"Nisijue vipi, mama? Nilimwambia mumeo siku ileile. Nilikuwa na dume la nyama, bei ileile, akalikataa. Akasema huyu huyu ndiye anayemtaka." Mzee Shimba aliangalia uso wa Modesta, akaangalia wa Malimi, akagundua kuwa amefungua mlango wa chumba cha watu. Akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwepo.

Modesta hakumwangalia mumewe. Angemwangalia, angelia au angempiga fimbo, na vyote viwili visingeleta nyama. Jana alikuwa ameweka mtaji wake rehani mbele ya wanawake kumi kwa ajili ya mtu huyu. Akamgeukia mzee.

"Tunataka kubadilisha," alisema. "Utupe wa kuchinja."

"Aaa, mama." Mzee alijikuna shingo. "Leo kila mtu anataka nyama. Mwenye mimba leo ananunuliwa na nani? Nitakupa yule maksai, lakini mniongeze kidogo."

"Uliniambia mwezi mmoja," Malimi akasema ghafla, kwa uchungu. "Ulisema mwezi mmoja tu anazaa."

Modesta alilidaka neno lile kama mvuvi anavyodaka kamba.

"Kumbe! Ulimwambia mwezi mmoja? Mzee wangu, kutoka Septemba mpaka leo ni mwezi mmoja wa kalenda ya wapi? Ulimuuzia mtu uongo. Sasa sikiliza. Ng'ombe wako amekula majani ya mjini miezi yote hii, ana ndama tumboni, mwezi wa pili au wa tatu una ng'ombe wawili na maziwa. Unataka nikuongeze? Wewe ndiye utakayetuongeza. Au niwaambie hawa wanunuzi wote mimba zako zina miezi mingapi?"

Watu wawili walikuwa wameshaanza kusogea kusikiliza. Mzee Shimba alicheka, cheko la mtu anayejua amekamatika na hajachukia sana.

"Malimi, huyu mkeo ni wa wapi?"

"Ukerewe," Malimi alisema kwa unyonge.

"Ndiyo maana anavua."

Wakaondoka na maksai wa rangi ya kahawia, si mnene wa kujivunia lakini mwenye nyama ya kweli, pamoja na laki moja ya nyongeza. Modesta aliifunga kwenye pindo la kanga yake. Ng'ombe mweusi aligeuza shingo akamwangalia Malimi anavyoondoka, na Malimi akageuka mara mbili kumwangalia.

*

Walipita maduka, wakapita kituo cha mafuta, Modesta hajasema neno.

"Nipige basi," Malimi alisema hatimaye.

"Ulitaka nini?"

"Ndama."

"Ndama?"

"Ndama tu, mama Queen. Nilihesabu atazaa Oktoba. Krismasi wanachinja ng'ombe wao, kila mtu anapata kilo zake, mimi nabaki na ndama. Oktoba ikapita, nikawa nasubiri tu. Sikumwibia mtu."

"Na ndama angenyonya nini, mama yake akiwa kwenye sufuria ya Wilhelmina?"

"Sikufika huko," Malimi alikiri.

Modesta alikaribia kucheka, akajikasirikia kwa kukaribia kucheka. "Jana umesimama pale umeninyamazia. Nikaweka mtaji wangu. Ukaniacha niuweke!"

"Niliona haya."

"Haya za nini? Sisi tuna nini tunachoficha kwa watu? Mwenye madirisha na mwenye dagaa!"

"Ndiyo hiyo." Malimi alisimama, na maksai akasimama naye. "Kaka zangu Magu wana mazizi. Ng'ombe wa baba waliisha kwa mahari zao na ada zao, zamu yangu ilipofika zizi lilikuwa tupu. Nikakutolea mahari ya noti. Kila tukikutana wanasema Malimi akae na wageni, maana hana kwato hata moja. Wanacheka, na mimi nacheka. Nina miaka arobaini, Modesta. Kila asubuhi nikimkatia majani yule mweusi nilikuwa najisikia mtu."

Modesta alimwamini, na kumwamini kukamuumiza zaidi kuliko uongo. Lakini pindo la kanga lilikuwa linamkumbusha wanawake kumi.

"Kesho wakati wa kugawana utawaambia," alisema.

"Watanicheka mpaka Kirumba."

"Wacheke. Usiposema wewe, nitasema mimi. Na nikisema mimi itakuwa mbaya zaidi, kwa sababu mimi nimekasirika."

*

Jumatano asubuhi Muhidin alikuja na kisu, akakipangusa, akasema alhamdulillahi huyu ni mwenye nafsi moja. Bwana afya akapita, akagonga muhuri. Kufikia saa nne mafungu kumi na moja yalikuwa yamepangwa juu ya majani ya migomba, mfupa kwa steki, maini yamekatwa kila mtu kipande, na wanawake wamesimama na mabeseni yao kama siku ya ugawaji wa baraka. Modesta alitoa laki moja ya nyongeza mbele ya wote. Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbia. Hata Wilhelmina alitabasamu.

"Tuseme ukweli," Wilhelmina alisema, na kila mtu akanyamaza, maana Wilhelmina akisifu ni habari. "Juzi niliongea vibaya. Kumbe bahati mbaya ya Baba Queen imetuletea faida. Tumeshauriana, nundu tunampa yeye kwa kutulishia."

Aliinua nundu, nono, nyeupe kwa mafuta, akamkabidhi. Malimi aliipokea kwa mikono miwili.

"Asanteni," alisema. "Asanteni sana."

Wakapiga makofi. Rose akaanza kupakia fungu lake. Modesta alisimama anamwangalia mumewe, akijua kwamba akianza yeye, siri ya ndoa yake itakuwa imetolewa uwanjani na yeye. Alitaka sana asiwe yeye. Alivuta pumzi ya kuanza.

"Mama Wilhelmina," Malimi akamtangulia. "Ishike hii nundu. Sistahili."

"Kwa nini tena?"

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ana mimba. Mnadani niliambiwa. Nilimnunua kwa ajili hiyo, nilitaka ndama awe wangu." Akamnyooshea nundu. "Nilitumia elfu mbili zenu kutafuta ndama wangu. Ndiyo hivyo. Mnisamehe, au msinisamehe, lakini nundu siwezi kula."

Hakuna aliyecheka. Malimi alikuwa amejiandaa kwa kicheko, na kukikosa kulimtisha. Wilhelmina aliipokea nundu polepole, akamgeukia Modesta.

"Mwenyekiti, wewe ulijua lini?"

"Jana. Buhongwa."

"Na jana ulipopita dukani kwangu kuniambia nyama ipo, hukusema."

Modesta angeweza kujitetea. Angeweza kusema kuhusu nyongeza na jinsi alivyopambana na mzee. "Sikusema," alijibu. "Nilitaka aseme mwenyewe."

"Haya ni mambo ya nyumbani kwako, nimeyaelewa. Lakini fedha ni za kikundi. Ulipaswa kutuambia."

"Nilipaswa."

Sada akasema jamani ni sikukuu. Rose akasema lakini Wilhelmina kasema kweli. Kikundi kilikuwa na faini ya kuchelewa na faini ya simu kulia kwenye kikao, ila hakuna aliyewahi kufikiria faini ya ndama, kwa hiyo ikabidi waitunge pale pale, nzi wakizunguka mafungu. Waliamua Malimi atamlisha ng'ombe wa mwaka kesho bila malipo, na mnadani hatakanyaga. Na mwenyekiti wa mwaka kesho awe Wilhelmina. Modesta aliinua mkono wake kuunga mkono, kwa sababu ilikuwa haki, na mkono ulikuwa mzito. Nundu akapewa Muhidin, aliyekataa kuchinja siku ile wakati angeweza kufumba macho na kulipwa.

"Ila ng'ombe unajua kulisha, shemeji," Rose alimwambia Malimi akijitwisha beseni. "Tatizo lako ni kununua."

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka kwa raha zao, mabeseni yakitikisika, na Malimi akasimama katikati akivipokea vicheko vyote bila kukimbia.

*

Alasiri nyumba ilinukia vitunguu na pilipili manga. Queen alikuwa anachambua mchele, Yeremia anamzuia kwa kumsaidia. Modesta aliketi kibarazani akichambua kitunguu saumu. Uenyekiti ulikuwa unamuuma bado, hasira nayo ilikuwepo, ila imeanza kuchoka. Kilichokuwa kinamsumbua ni kingine. Mwaka mzima alikuwa amewauliza wanawake kumi wanataka nini Krismasi. Anajua nani anataka maini na nani hali utumbo. Mumewe hakuwahi kumuuliza.

Malimi alikuja akakaa chini kidogo yake, akachukua kitunguu saumu naye akaanza kumenya, vibaya.

Modesta alifungua pindo la kanga. Fungu lake la ile nyongeza lilikuwa elfu tisa. Akaziweka juu ya sakafu, kati yao.

"Ya nini?" Malimi akauliza.

"Jumapili zote za kikundi naendelea kutoa. Hii ni ya pembeni, mimi na wewe. Wiki ya dagaa nzuri naweka mimi, wiki ya madirisha unaweka wewe. Itachukua miaka, usianze kunisumbua."

Malimi aliziangalia zile noti bila kuzigusa. Macho yalimjaa maji, na hakuwa na namna ya kusingizia vitunguu, maana alikuwa na saumu mkononi.

"Sasa niambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako," Modesta alisema. "Unataka ng'ombe wa namna gani?"

Malimi aliweka saumu chini.

"Jike," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Jike mwenye mimba."

"Umeona?" Modesta akamsogezea bakuli la vitunguu saumu. "Umesema, na hujafa."